Uzi: Tamthilia ya Narnia ya BBC ya mwaka 1988 tunaihukumu kwa kosa lisilo lake

Msomaji wa Upanga

Wanajukwaa, nawasalimu. Kila hadithi ya Narnia inapotajwa, mazungumzo huishia kwenye filamu ya mwaka 2005 iliyoongozwa na Andrew Adamson, na mtu akithubutu kuitaja tamthilia ya televisheni iliyotengenezwa na BBC mwaka 1988, wenzake humjibu kwa kicheko: simba wa manyoya ya bandia, wanyama ambao ni watu wazima waliovikwa maleba, na viumbe wenye mabawa waliochorwa kwa katuni kisha wakabandikwa juu ya picha za watu halisi. Nimeitazama upya tamthilia hiyo, sehemu zote sita, kitabu kikiwa mkononi, na ninaona kwamba udhaifu wake upo, nami nitausema bila kuuremba, lakini haupo kwenye maleba. Nguvu yake nayo ipo mahali ambapo wengi hawaangalii, yaani katika muda ambao hadithi imepewa ili usaliti wa mtoto mmoja ukue hatua kwa hatua mbele ya macho yetu.

Kwa wasioifahamu hadithi yenyewe, ndugu wanne, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wanaondolewa London kwa sababu ya mabomu ya Vita Kuu ya Pili na kupelekwa kuishi kwenye nyumba kubwa ya profesa mmoja mzee mashambani. Lucy, aliye mdogo kuliko wote, anaingia ndani ya kabati la nguo na kutokezea Narnia, nchi ya theluji inayotawaliwa na Mchawi Mweupe. Edmund anakutana na mchawi huyo, anapewa peremende na ahadi ya ufalme, na kwa ajili ya hayo anawauza ndugu zake. Simba Aslan anakubali kuuawa badala yake juu ya Meza ya Jiwe, kisha anarudi akiwa hai. C. S. Lewis, mzaliwa wa Belfast aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Oxford, alikichapisha kitabu hicho, The Lion, the Witch and the Wardrobe, mwaka 1950, na kikafuatwa na vingine sita hadi mwaka 1956. Habari ya watoto waliohamishwa hakuitoa hewani, kwa kuwa vita vilipoanza mwaka 1939 yeye mwenyewe alipokea nyumbani kwake watoto walioondolewa London.

Tamthilia ilitayarishwa na Paul Stone, mswada ukaandikwa na Alan Seymour, mwandishi wa michezo ya kuigiza kutoka Australia, na mwongozaji akawa Marilyn Fox. Stone na Seymour walikuwa wameshafanya kazi pamoja mwaka 1984 katika The Box of Delights, tamthilia nyingine ya watoto yenye theluji nyingi, kwa hiyo hawakuwa wageni wa shughuli hii. Ilirushwa Jumapili sita mfululizo, kuanzia tarehe 13 Novemba hadi tarehe 18 Desemba 1988, sehemu moja kila wiki, kila sehemu ikichukua kama nusu saa.

Nusu saa mara sita inakaribia saa tatu. Filamu ya mwaka 2005 ni dakika 143, na sehemu kubwa ya dakika hizo imemezwa na vita vya mwishoni pamoja na mikikimikiki ambayo haimo kitabuni kabisa, kama ile ya barafu ya mto inayovunjika chini ya miguu ya watoto. Ajabu ni kwamba Lewis mwenyewe vita hivyo alivipitia haraka mno: Susan na Lucy wanafika pamoja na Aslan wakati mapigano yanakaribia kwisha, na mengi tunayapata kwa kusimuliwa na Peter baadaye. Kilichomshughulisha Lewis ni Edmund. Sura kwa sura tunamwona akila peremende za mchawi, akirudi na kumkana Lucy mbele ya wakubwa zake kwa kusema kwamba walikuwa wakicheza tu, akinyemelea mlangoni wakati wenzake wanazungumza baada ya chakula, kisha akitembea peke yake katika theluji huku akipanga barabara atakazojenga, magari atakayomiliki na jumba lake binafsi la sinema. Anapofika uani kwa mchawi na kumkuta simba aliyegeuzwa jiwe, anatoa penseli na kumchorea masharubu na miwani. Huyo ni mtoto halisi. Hana ukatili mkubwa. Ana kinyongo, ana njaa ya kusifiwa, na ana ule uhodari wa kujidanganya ambao sote tunaujua.

Tamthilia inaziandama hatua hizo bila pupa, na kijana aliyemwigiza Edmund, Jonathan R. Scott, ndiye aliyebeba kazi nzima mabegani mwake. Haombi huruma yetu. Mtazame anapokaa kwenye gari la theluji la mchawi: macho yanakwenda kwenye sanduku la peremende kabla hajamaliza kujibu swali, na kila jibu analolitoa linawaweka ndugu zake hatarini zaidi, naye anajua nusu na nusu nyingine hataki kuijua. Filamu ya 2005, kinyume chake, inaanza na mabomu yakianguka na Edmund akirudi ndani ya nyumba kuokoa picha ya baba yake aliye vitani, yaani anatafutiwa udhuru hata kabla hajakosa. Kwangu huko ni kumpunguzia mtoto hadhi yake, na hadithi ya kusamehewa inapungua uzito pale ambapo kosa lenyewe limeshaelezewa likaisha.

Wenzangu wa umri wangu tulioiona kwenye mikanda ya video tuna jambo la ziada la kulisema hapa. Uingereza ya Lewis ilikuwa bado inagawiwa peremende kwa kuponi wakati kitabu kinatoka, na mgawo huo uliondolewa mwezi Februari mwaka 1953. Sisi tulikulia Dar es Salaam ya miaka ya baada ya vita vya Kagera, ya foleni za sukari na sabuni, ya maduka ya serikali ya RTC yenye rafu tupu. Mtoto aliyelelewa katika hali hiyo hakuhitaji kuelezwa kwa nini sanduku la vitu vitamu, laini kama haluwa, lingeweza kumfanya mtu amtaje dada yake kwa adui. Watoto wa leo, wenye pipi katika kila duka la mtaani, humwona Edmund kuwa mlafi tu.

Nije kwenye simba. Aslan wa BBC ni umbo kubwa lililoendeshwa na watu wawili waliokuwa ndani yake, Ailsa Berk na William Todd-Jones, na sauti ni ya Ronald Pickup. Lazima niwape wanaocheka haki yao, maana wanaye wakili mzito: Lewis mwenyewe. Mwaka 1959 alimwandikia Lance Sieveking, mtayarishaji wa BBC aliyeshughulikia mchezo wa redio wa kitabu chake kimojawapo, akasema kwamba anapinga kabisa Narnia kuigizwa kwenye televisheni, kwa kuwa wanyama wasemao wakionyeshwa wazi hugeuka kuwa vichekesho au vitisho, na kwamba Aslan wa kuigizwa na binadamu kwake ingekuwa kufuru. Katuni alikuwa tayari kuifikiria.

Hata hivyo ninambishia Lewis, na ninambishia nikiwa nimesimama hapa tulipo. Jiji hili lina Wamakonde wengi, na yeyote aliyewahi kusimama pembeni mwa uwanja wakati ngoma ya mapiko inachezwa anajua kinachotokea. Mchezaji amefunikwa nguo mwili mzima, kichwani ana sinyago la mti, na hadhira ya watu wazima inajua kuna mtu ndani. Hakuna anayelitamka. Kulitamka ni kuvunja shughuli. Uso wa mti haupepesi jicho wala haufungui mdomo, na bado watoto hukimbia, na wakubwa hurudi nyuma hatua moja sinyago linapowageukia. Nguvu ya kiumbe yule inatoka kwenye makubaliano kati ya mchezaji na hadhira, na wala haitoki kwenye kufanana na kitu chochote kilicho hai. Aslan wa BBC anatuomba makubaliano hayohayo. Anatembea polepole kwa sababu wawili wale hawawezi kukimbia, na upole huo wa lazima unampa uzito ambao simba wa kompyuta, mwenye kila unywele mahali pake, hana. Anapopanda kwenda kwenye Meza ya Jiwe huku wasichana wawili wameshika manyoya ya shingo yake, mikono yao imeshika kitu kilichopo. Inaonekana.

Sasa udhaifu, kama nilivyoahidi. Barbara Kellerman, aliyeigiza Mchawi Mweupe, anapaza sauti mno. Kule mwanzo, kwenye gari la theluji, anapobadilika kutoka hasira kwenda asali kwa sekunde moja, ni mzuri na anatisha. Lakini kuanzia sehemu ya tatu anapiga kelele kwa kila jambo, dogo na kubwa, na akifika Meza ya Jiwe hana pa kupanda tena, kwa kuwa ngazi zote ameshazimaliza. Peter na Susan nao ni wakavu, ingawa kitabu chenyewe hakiwapi mengi ya kufanya. Muziki wa Geoffrey Burgon siuwekei kasoro yoyote.

Karibuni tujadili.


Mtazamaji Mkavu

Mkuu, nimekusoma kwa makini na ninakubaliana nawe kuhusu Edmund, lakini hoja ya mapiko siikubali. Ngoma ile inachezwa mbele yako, na vumbi, jasho na mdundo wa ngoma vinakuingia mwilini kabla akili haijapata nafasi ya kuhoji. Wewe na mchezaji mko katika hewa moja. Kamera ni kitu kingine. Kamera inasogea hadi kwenye pua ya simba na kukaa hapo, taa zimewashwa, na mdomo wa kiumbe unafunguka na kufungwa bila kwenda sambamba na maneno ya Ronald Pickup. Ukilisogeza sinyago la mapiko karibu namna hiyo, ngoma ikiwa imenyamaza, nalo litakuwa mti uliochongwa. Kwa hiyo makubaliano unayoyasema yana masharti, na televisheni inayavunja masharti hayo kwa asili yake.

Vilevile umepita haraka mno kwenye viumbe wa katuni. Hapo hakuna cha kutetea. Waigizaji wako mahali pamoja, michoro iko mahali pengine, na jicho linaona mshono. Mwaka huohuo wa 1988 Wamarekani walitoa Who Framed Roger Rabbit, ambamo katuni na binadamu wanashikana mikono na kivuli cha katuni kinaanguka pale kinapostahili. Najua fedha hazilingani hata kidogo, lakini mtu asiye na fedha anaweza kuchagua kutoonyesha. BBC wangemwacha kiumbe mwenye mabawa nje ya picha, tukasikia mabawa tu, tungetetemeka zaidi.

Kuhusu Mchawi, umemhurumia. Tilda Swinton katika filamu ya 2005 hapandishi sauti karibu kabisa, na baridi inatoka kwake bila kelele. Huyo peke yake anatosha kuirudisha filamu ile kwenye mizani.


Fundi Deki

Nawasalimu nyote. Miaka mingi nimeishi kwa kutengeneza deki za video na televisheni pale Kariakoo, kwa hiyo nitachangia upande wa picha, maana naona mnabishana juu ya simba bila kuuliza alitengenezwa aonekane kwenye kioo cha namna gani.

Tamthilia hii haikupigwa kwa filamu. Ilipigwa kwa kamera za video, zinazotoa picha hamsini nusunusu kwa sekunde, na ndiyo maana mwendo wake ni laini na mwanga wake ni mkali kama wa jukwaani. Ilikusudiwa kioo cha televisheni ya wakati ule, cha mistari 625, chenye upana wa mikono miwili ya mtoto. Katika kioo kile manyoya huungana, mishono hupotea, na rangi za katuni humwagika kidogo nje ya mipaka yake na kuchanganyika na picha iliyo chini. Ukiichukua picha hiyohiyo leo na kuitanua kwenye televisheni bapa ya inchi 55, mashine inakisia mistari ambayo haikuwepo, na kila kilichofichwa kinaanikwa. Ndugu Mtazamaji Mkavu, mshono unaouona wewe, mtazamaji wa mwaka 1988 aliuona kwa sehemu ndogo tu.

Kwetu hali ilikuwa laini zaidi. Vijana wengi hawajui kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, wakati Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Kwa hiyo huku Dar es Salaam, kazi kama hii ilimfikia mtu kwa mkanda uliobebwa na msafiri, ukakopwa na jirani, ukanakiliwa, na nakala ikanakiliwa tena. Mikanda ya Uingereza ilikuwa ya mfumo wa PAL kama vyombo vyetu, basi ilicheza bila taabu. Iliyotoka Marekani ilikuwa ya NTSC, na kwenye deki nyingi ilitoa picha isiyo na rangi au inayoruka. Kila nakala ilipunguza ukali wa picha na kuongeza chenga. Ukiniuliza mimi, Aslan wa nakala ya tatu alikuwa simba kamili, na theluji ilikuwa ya kwake pamoja na ya mkanda.


Mama Wawili wa Tabata

Habari zenu. Mimi sikuiona utotoni, nimeiona hivi karibuni pamoja na wanangu, mmoja yuko darasa la tatu na mwingine la sita. Walishaona ile filamu kubwa kabla, kwa hiyo nilitarajia wacheke. Yule mdogo alicheka sekunde chache Bwana na Bibi Biva, wale wanyama wa mtoni wasemao, walipotokea na meno yao makubwa, akauliza kama ni watu, nikamwambia ndiyo, akasema sawa, tukaendelea. Hakurudia tena swali hilo. Naona sisi wakubwa ndio tunaohangaika na maleba.

Walichohangaika nacho ni theluji. Wanangu Krismasi wanaijua kuwa ni wakati wa joto kali kuliko yote, feni ikizunguka na umeme ukiombewa usikatike, kwa hiyo Bwana Tumnus, yule kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, aliposema kwamba Narnia ni kipupwe siku zote na Krismasi haifiki, waliona ni nchi yenye bahati ya ubaridi. Kilichowabadilisha mawazo ni mvuke unaotoka midomoni mwa waigizaji na jinsi miguu inavyozama. Nimesoma kwamba sehemu za theluji zilipigwa Aviemore, huko Uskoti, na baridi ile haiwezi kuigizwa. Kufikia sehemu ya nne, barafu ilipoanza kuyeyuka na majani kuonekana, mkubwa alishusha pumzi kana kwamba yeye mwenyewe ametoka kwenye jokofu. Kitabu peke yake kisingemfikisha hapo mtoto wa Tabata.

Tuliitazama sehemu moja kila Jumapili, kama ilivyorushwa. Katikati ya wiki walikuwa wakibishana jikoni kama Edmund aadhibiwe au asamehewe, na kila mmoja alikuwa na hukumu yake kabla Jumapili haijafika. Filamu haikuwaletea ubishi huo. Waliiona, ikaisha, wakalala.

Nawatahadharisha wazazi juu ya sehemu ya tano. Kunyolewa kwa simba na kufungwa kamba kulimliza mdogo, na sikujua niseme nini zaidi ya kukaa naye.


Mwalimu wa Temeke

Dada yetu wa Tabata ametaja jambo ambalo nami nimelikuta darasani. Darasa langu lina Waislamu na Wakristo kwa idadi inayokaribiana, na nilipotumia hadithi hii katika somo la fasihi, mzazi mmoja alinifuata kuuliza kama ninafundisha dini. Swali lake lilikuwa halali. Lewis alikuwa Mkristo aliyeandika vitabu vya kuitetea imani yake, na kifo cha Aslan kimetoka moja kwa moja kwenye Ijumaa Kuu. Alieleza mwenyewe kwamba hakukusudia fumbo ambalo kila kitu kina mwenzake. Alijiuliza tu, kama kungekuwa na ulimwengu mwingine na Mwana wa Mungu akaingia humo, angekuwa nani na angefanya nini.

Ninachokisifu katika tamthilia ni kwamba Alan Seymour hakuongeza hata neno moja la kuhubiri, wala hakupunguza. Meza ya Jiwe imebaki tukio ndani ya hadithi, lenye sheria yake iliyotajwa wazi: msaliti ni mali ya mchawi, na damu yake inadaiwa. Wanafunzi wangu walilijadili kama suala la dhamana, yaani kama mtu anaweza kusimama mahali pa mwenzake na deni likafutika, na mabishano makali zaidi yalikuwa kati ya Waislamu wawili na kati ya Wakristo wawili. Mzazi yule nilimkaribisha akae nyuma ya darasa. Alikaa hadi mwisho, kisha akauliza kama Profesa alikuwa anajua habari za kabati tangu mwanzo.


Msomaji wa Upanga

Nawashukuru wote. Fundi, maelezo yako yamenipa hoja ambayo sikuwa nayo. Nimjibu Mtazamaji Mkavu kwa kifupi, halafu nigusie swali ambalo wengine wameniletea faraghani kuhusu tamthilia zilizofuata.

Ndugu yangu, hoja yako ya kamera inayosogea ina nguvu, na kwenye katuni umenishinda kabisa. Kuficha kungekuwa bora. Lakini kumbuka kwamba mapiko nayo yana wakati wake wa ukimya, pale ngoma zinapokatika ghafla na sinyago kubaki limesimama bila kutikisika, na kwa wengi hapo ndipo hofu inapokuwa kubwa. Aslan anaposikiliza maombi ya Lucy juu ya Edmund bila kujibu mara moja, uso wake usiosogea unafanya kazi hiyohiyo. Mdomo kutolingana na maneno ni kasoro, sibishi. Kuhusu Tilda Swinton sina la kupinga, isipokuwa kwamba Kellerman alikuja kunipa jibu lake mwenyewe baadaye, nami nitalifikia.

Baada ya mwaka 1988 BBC waliendelea na vitabu vitatu zaidi, safari hii mwongozaji akiwa Alex Kirby. Mwishoni mwa mwaka 1989 walirusha Prince Caspian kwa sehemu mbili tu, ikafuatwa papo hapo na The Voyage of the Dawn Treader kwa sehemu nne, na mwaka 1990 wakafunga na The Silver Chair kwa sehemu sita. Vitabu vitatu vilivyobaki hawakuvigusa. Anayetaka kuipima hoja yangu ya muda ana mizani hapa, kwa kuwa mtayarishaji, mwandishi na bajeti ya namna ileile vipo, na kinachobadilika sana ni idadi ya sehemu. Prince Caspian inakimbia kama mtu aliyechelewa gari la mwisho la Mbagala. Watoto wanarudi Narnia, wanaelezwa historia ya miaka mingi kwa pumzi moja, wanapigana, wanaondoka, na Caspian mwenyewe hatujamjua. Safari ya baharini ina nafuu: Samuel West anamfanya Caspian aliyekua kuwa mtu anayeaminika, na Warwick Davis, akiwa ndani ya maleba ya panya Reepicheep, ana heshima ya askari mzee ambayo sikuitegemea.

The Silver Chair ndiyo iliyo bora kuliko zote nne, na hapa najua nitapingwa na wapenzi wa ile ya kwanza. Imepewa sehemu sita, na imempata Tom Baker, aliyejulikana Uingereza nzima kwa kuigiza shujaa wa tamthilia ya televisheni ya Doctor Who kuanzia mwaka 1974 hadi mwaka 1981, katika nafasi ya Puddleglum, kiumbe wa kwenye vinamasi ambaye katika kila jambo hutarajia baya kuliko yote, na kwa sababu hiyo hashtuki baya likija. Baker hamchezi kwa kuchekesha. Anayatamka maneno ya kukatisha tamaa kwa utulivu wa mtu anayetaja hali ya hewa, na watoto wawili wanaomfuata wanaanza kumtegemea bila wao wenyewe kujua.

Katika tamthilia hiyo Kellerman anarudi, safari hii akiwa mchawi mwingine, Bibi wa vazi la kijani anayetawala chini ya ardhi. Katika chumba chake anawashawishi wageni kwamba jua halipo, kwamba walichokiona huko juu ni taa tu waliyoikuza akilini, na kwamba simba ni paka waliyemtamani awe mkubwa. Kitabuni kazi hiyo yote anaifanya kwa sauti tamu, moshi wa unga wa kijani na muziki usiokoma, na Kellerman, yule aliyetuchosha kwa makelele mwaka 1988, anashusha sauti hadi unajikuta unasogea karibu na kioo ili umsikie. Hivyo uwezo alikuwa nao tangu zamani, na kama kelele za mwanzo zilikuwa uamuzi, basi uamuzi huo ulikuwa mbaya. Puddleglum anapoukanyaga moto kwa mguu mtupu ili akili zimrudie, kisha anasema kwamba hata kama ulimwengu wa juu ni wa kubuni, wameubuni ulio bora kuliko shimo la kweli la malkia huyo, naye yuko upande wa Aslan hata kama Aslan hayupo, hakuna maleba wala katuni kwenye picha. Ni waigizaji watano chumbani, mswada mzuri, na dakika za kutosha.

Kwa anayetaka kuanza leo na watoto, mpangilio wa miaka ya kurushwa unafaa, ila Prince Caspian waisome kitabuni kwanza, maana bila hivyo hawataelewa nani ni nani.


Mtazamaji Mkavu

The Silver Chair sijaiona. Nitaitafuta, na nitamtazama huyo Kellerman kwa jicho la pili. Viumbe wa katuni siwasamehi.